Sindano Zisizo na Dawa

Leo, baada ya kuchomwa sindano za Kichina za kutuliza maumivu (akupancha), kidole gumba changu kimeihisi sindano ya kushonea. Wanaoshona kofia za viua watanielewa. Sindano ya kofia huishiki kwa jicho tu, huishika kwa hisia za vidole, na mimi tangu kabla ya Ramadhani kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Sindano inaniponyoka, naitafuta mkekani kwa mkono wa kushoto.

Maumivu yalianzia nyuma ya bega, yakateremka mkononi kama moto, usiku ndiyo yakizidi. Nilipata nafuu kwa namna moja tu: kuweka mkono juu ya kichwa. Mama hakutaka hata kuniona. "Toa mkono kichwani, mwanangu, unatuletea uchuro!" Naushusha kwa heshima yake, akishalala naurudisha.

Daktari wa Kichina alipoisikia habari hiyo ya mkono kichwani alitikisa kichwa kana kwamba nimemaliza kujieleza. Mkono wenyewe hauna ugonjwa, akasema, ugonjwa uko shingoni. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za neva. Ile ya sita ndiyo inayofika kidole gumba, na inapobanwa na gegedu lililovimba baina ya pingili, mtu husikia maumivu mbali na pale palipobanwa. Mkono ukiinuliwa, neva inalegea kidogo. Basi kumbe mwili ulikuwa ukijitafutia dawa wenyewe.

Madaktari wa Kichina si wageni kwetu. Wamekuwa wakija visiwani Zanzibar tangu 1964, wengi kutoka jimbo la Jiangsu, na wagonjwa wa hospitali ya Mnazi Mmoja na ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, wamewazoea. Hata hivyo mama alishangaa. Yeye anajua kuumika, chuku, ile pembe ya kuvutia damu, linawekwa, damu chafu inatoka, unaiona. "Sindano gani hizo, hazina dawa ndani wala hazitoi damu?"

Ni nyembamba mno, karibu na unywele, na kila moja ilitolewa kwenye pakiti mpya mbele yangu. Mbili zikaingia kisogoni, kwenye vishimo chini ya fuvu, nyengine pembeni mwa shingo na mkononi, moja baina ya gumba na shahada. Hazikuuma. Daktari akiizungusha, unakuja uzito, mkono kama umeshikwa kwa ndani, na muuguzi anakuuliza, "Umefika?" Ukishafika, unaachwa umelala karibu nusu saa. Wachina husema ni kufungua njia za qi, yaani nguvu ya uhai mwilini. Watafiti wa leo hutaja kemikali za kutuliza maumivu zinazotolewa na ubongo wenyewe.

Nimepata usingizi, na hilo silipunguzi. Lakini sindano hairudishi gegedu mahali pake. Ushahidi wake ni mzuri zaidi kwa maumivu ya kawaida ya shingo kuliko kwa neva iliyobanwa, na wengi wenye ugonjwa huu hupona kwa wiki au miezi bila ya upasuaji. Kwa hiyo jirani anaponiambia nimpeleke akachomwe, namwambia kwanza apimwe. Mkono ukipungua nguvu, miguu ikiyumba, au mkojo ukaanza kumsumbua, hapo si pa sindano wala kuchuliwa, ni hospitali moja kwa moja. Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Sindano za begani nazo zisiingie ndani sana, maana pafu liko karibu.

Kofia sasa naiweka juu ya mto mapajani, nisiinamishe shingo, na ninapomaliza safu ya viua nanyanyuka. Ile ya mjomba itachelewa, ameridhia.

Mama ameanza kuuliza kama zinafaa kwa goti. Jumatatu nitampeleka tukamuulize daktari.