Kumbukumbu ya mradi wangu wa karate: kutoka kata (miondoko ya peke yako) hadi kumite (kupigana na mwenza), Tanga

Februari. Lengo nimelibandika kwenye mlango wa kabati: kabla mwaka haujaisha nipigane kumite huru, isiyopangwa nani apige nini, raundi nzima na yeyote nitakayepangiwa. Mkanda wangu ni wa njano. Heian Shodan, kata ya mwanzo, naicheza hata jikoni nikisubiri wali ukauke, ila sensei, mwalimu wetu, akisema tutafute wenza, mie ghafla mkanda umelegea na lazima nitoke nje kuufunga upya. Nilikuwa na hoja ya kisomi pia: Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922 akitokea Okinawa, mwenyewe hakuyapenda mapambano huru. Sensei alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa dada, Funakoshi yuko upande wako. Haya, vaa glovu."

Nimekaa kuipambanua hofu yenyewe, maana "naogopa" peke yake huwezi kuifanyia mazoezi. Kupigwa kumbe ni sehemu ndogo. Nafumba macho ngumi ikija. Naona haya kupiga kiai, ule ukelele wa karate, mbele ya wanaume. Na mkono wangu ukimgusa mtu kifuani nasema "pole" kabla sijarudi kwenye mkao.

Machi. Macho kwanza. Mwenzangu ananirushia ngumi polepole, anaikomesha shubiri moja kutoka puani, nami sikingi wala sirudi nyuma, natazama tu bega lake. Bega husogea kabla ya ngumi, na hilo sikuwahi kuliona kwa kuwa nilikuwa nimeshafumba. Baadaye gohon kumite, ya hatua tano, halafu ippon kumite, ya hatua moja. Humo mshambuliaji anatangaza kwanza anapiga wapi, "jodan" (usoni) au "chudan" (kiwiliwili), kwa hiyo kinachobaki ni kazi ya kukinga na kujibu. Ukiwa na woga, anza hapo ukae hapo hata miezi. Anayekucheka mwache acheke.

Aprili. Kiai nilikwenda kuifanyia ufukweni Raskazone, maji yametoka, mbali na watu. Watoto waliniona. Kufika jioni nilikuwa na darasa, na wote wananishinda kwa sauti. Haya imepungua sana, sijui kama shukrani ziende kwa bahari au kwa wale watoto. Faida yake naiona: nikipiga ukelele natoa pumzi, na tumbo linakaza lenyewe kabla ngumi haijafika.

Vifaa: kinga ya meno, kinga ya kifua ya wanawake, glovu, kinga za miguu. Mtandio ni wa kuvuta, hauna pini hata moja. Shangazi aliuliza kama nitakuwa nashikwa na wanaume. Nilimkaribisha aje atazame. Alikuja, na sasa anauliza kwa nini sipigi mateke zaidi.

Juni. Kumite huru, na nimepangiwa kijana wa Chumbageni mwenye miguu mirefu kama mlingoti. Hapa ndipo nimejifunza zaidi ya kote. Nikisimama mbali, teke lake linaishia hewani. Nikiingia karibu kabisa, mguu unakosa nafasi ya kukunjuka, na gyaku-zuki yangu, ngumi ya mkono wa nyuma, inafika kifuani. Pabaya ni katikati, na mwoga husimama papo hapo katikati, kwa sababu kuingia anaogopa na kurudi anaona aibu.

Nilirudia kutazama fainali ya uzito wa zaidi ya kilo 61 ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Feryal Abdelaziz wa Misri alichukua dhahabu kwa 2-0. Pambano zima, pointi mbili! Muda mwingi wanapimana umbali tu, na ngumi ya mkono ikifika sawasawa ni pointi moja. Mie kichwani nilikuwa nimejaza mvua ya makonde.

Julai. Raundi nzima nimemaliza, na yule yule wa Chumbageni. Alinipiga mbavuni nikaendelea. Tatizo jipya ni kwamba anajizuia mno kwa kuwa mimi ni mwanamke, nami nikizoea ngumi za huruma nitakuwa nimezoea uongo. Nimemwambia kifuani apige kama anavyowapiga wenziwe, usoni aguse tu. Amekubali, shingo upande.

Kinachofuata ni mae-geri yake, teke la mbele. Bado narudi nyuma mstari mmoja, naye ananifuata mpaka ukutani. Mwezi ujao natoka kwa pembeni, kushoto kwanza.