Lenzi 25 kwa filamu ya fulana

Ami yangu mmoja, msomi wa ng'ambo, aliniambia bila maabara isiyo na chembe ya vumbi nisijisumbue kutengeneza lenzi. Yakhe, vumbi la Mombasa nalijua kuliko yeye, na lenzi zangu 25 zinafanya kazi.

Si za kioo. Kila moja ni pete nyeusi na nyeupe, pete ndani ya pete, upana wa lenzi nzima milimita tatu na kitu. Mawimbi ya mwanga yanayopenya kwenye pete nyeupe hukutana mbele yakaongezana, ukapata nukta. Nilizipigia hesabu zikusanye leza nyekundu, nanomita 650, umbali wa sentimita 20.

Mara ya kwanza nilichapisha saiba, printa ya ofisi, plastiki angavu. Joto likaivuta plastiki, pete zikawa mayai. Badala ya nukta nikapata kijistari kilichosimama. Nikisogeza nyuma kidogo karatasi ya kupokea mwanga, kijistari kinalala! Siku mbili nalaumu leza. Na ule weusi ukiuinua juani unavuja kama kifumbu.

Aliyeniokoa ni mzee wa kuchapisha fulana, Mwembe Tayari, mwenye mashine ya filamu ya nukta 2400 kwa inchi. "Mwanangu, hii ni nembo ya timu gani?" Akanitoza mia chache. Pete ya nje, maikromita 40 hivi, ilitoka safi.

Sasa kupima. Mwali wa leza ni mwembamba, hauzienei zote. Nikautandaza kwa kijilenzi cha sidii pleya mbovu, leza mwisho wa korido ya nyanya, mita nne. Stima ikapotea, kwa mara ya kwanza nikafurahi. Nukta 25 zikajipanga kama kashata kwenye sinia, ndani ya ukungu mwekundu. Ukungu usikutishe: robo ya mwanga hupita moja kwa moja, kwenye nukta hufika kama asilimia 10 tu.

Lakini zilikuwa sentimita 21 kutoka kwenye filamu, si 20! Nusura niichane filamu. Kumbe leza iliyo umbali wa mita nne si jua la mbali, mwanga wake hufika ungali unatanuka. Nikirudia hesabu, 21.05. Ningepata 20 ndiyo ningekuwa nimekosea. Leza ya kijani ikazisukuma nukta hadi 26.

Nyanya akatokea na mshumaa. "Mjukuu wangu, haya ni masomo au mashetani?" Nikazima leza upesi, macho hayana spea.