Siku Niliyoliona Bwawa la Malankara

Nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme mjini Kochi, katika jimbo la Kerala nchini India, mwalimu wetu alitupeleka kuliona Bwawa la Malankara, lililojengwa kwenye mto Thodupuzha karibu na kijiji cha Muttom. Wenzangu walinung'unika, kwa sababu walitamani kwenda kwenye Bwawa la Idukki, ambako ukuta wa zege wenye urefu wa karibu mita 169 kwenda juu umepinda kati ya milima miwili. Mwalimu hakubishana nao. Alitusimamisha juu ya tuta la Malankara na kutuuliza maji yale yalikuwa ya mto gani.

Sehemu kubwa yalikuwa ya mto Periyar. Maji ya Idukki huchukuliwa upande wa Kulamavu, hupitishwa ndani ya mlima, kisha huporomoka zaidi ya mita 600 hadi kituo cha Moolamattom kilichochimbwa chini ya ardhi, ambako mashine 6 za megawati 130 kila moja hufua umeme. Yakishatoka hapo hayarudi Periyar tena, bali huingia katika bonde la Thodupuzha, na Malankara huyakinga ili yagawanywe katika mifereji ya umwagiliaji ya kulia na ya kushoto. Mwaka 2005 mashine 3 za megawati 3.5 zilianza kazi chini ya bwawa hilo, zikitumia maji ambayo yalikwisha kufanya kazi mlimani.

Tulishuka kwenye chumba cha mitambo. Kwa kuwa maji hayaanguki kutoka juu sana, nguvu yote hutokana na wingi wake, na sakafu ilitetemeka kiasi cha kusikika kwenye nyayo. Mzee wa zamu alitufungulia daftari lake: kila saa aliandika kina cha maji kwa wino wa bluu, na pembeni aliweka alama ndogo kila Moolamattom walipoongeza au kupunguza mashine. Alitueleza kwamba wakipunguza huko juu, yeye naye hulazimika kupunguza, na kwamba bwawa ni la wakulima kwanza. Nilimheshimu sana kwa jinsi alivyolisema hilo bila kulalamika, maana megawati 10.5 hazionekani kitu mbele ya 780 za Moolamattom, lakini hazikuhitaji kijiji kingine kihamishwe wala mto mwingine uzibwe.

Mwalimu, akijua nimetoka Tanzania, aliniambia nieleze jinsi tunavyofanya kwetu. Nilichora mto Ruaha Mkuu ubaoni: maji hufua megawati 80 kwenye bwawa la Mtera, kisha hushuka Kidatu na kufua nyingine 204. Niliwasimulia pia mgao wa umeme wa mwaka 2006, maji ya Mtera yaliposhuka mno, na lawama walizotupiwa wakulima wa mpunga walioko juu ya mto. Akauliza kama kuna aliyewahi kukaa na wakulima hao na daftari kama la yule mzee, wakapanga pamoja saa za kufungua maji. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwake, nikafuta mada ya mabwawa makubwa niliyokuwa nimeiandikisha kwa mradi wa mwaka wa mwisho, nikaandikisha mashine ndogo kwenye mabwawa ya umwagiliaji.