Chupa, Chumvi na Meno ya Bibi

Julai 2018, nikiwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, tulikwenda wanafunzi saba wa kujitolea kwenye kijiji kimoja wilayani Kongwa kuzungumza na wakulima kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka kama mahindi. Miaka miwili nyuma sumu hiyo ilikuwa imeua takriban watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Walikula ugali, basi. Habari hiyo ndiyo iliyonifanya nijiandikishe.

Tulikaa chini ya mbuyu. "Mbukwenyi!" tukasalimia, wakaitikia kwa kicheko cha kutukaribisha. Nikabandika karatasi ya manila yenye picha ya ini, kiungo ambacho sumu hiyo hukiharibu, nikataja fangasi Aspergillus flavus, nikaeleza kwamba sumu yake haina harufu wala ladha na moto wa jikoni hauiondoi. Wazee walitikisa vichwa kwa adabu. Kina mama waliendelea kupukuchua mahindi. Hakuna aliyeuliza kitu.

Mwenzangu akatoa chupa ya kioo na chumvi kavu. Kipimo chenyewe ni rahisi: unatia punje, unaongeza chumvi, unatikisa vizuri, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi, na ukiyafungia kwenye gunia hivyo yatavunda.

Bibi mmoja akasogea. Kabla hatujatia punje chupani, alichukua moja akaing'ata.

"Hii bado," akasema. Akang'ata ya gunia la pili. "Hii imekauka."

Tukatikisa. Chupa ya kwanza chumvi iliganda, ya pili ikaanguka yote chini. Watu walipiga vigelegele, na mkutano ulianza pale. Kila mtu alikimbilia nyumbani kuleta mahindi yake. Mzee mmoja aliyekuwa akianika juu ya udongo mtupu aliuliza mwenyewe bei ya turubai. Naamini hadi leo kwamba waliiamini chupa kwa sababu iliafikiana na meno ya bibi, na sikuona ubaya wowote katika hilo.

Kisha bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, na hizi zilizooza tuzipeleke wapi?"

"Mzitupe, bibi."

Kimya.

"Mwaka jana mvua ilitukatikia," akasema taratibu. "Mbovu tunapikia pombe. Nyingine wanakula kuku. Wewe unasema nitupe."

Nilimweleza kuwa sumu inabaki kwenye pombe, na kwamba ng'ombe akilishwa punje hizo, sumu hutokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Yote kweli. Lakini chakula cha kuweka mahali pa kile nilichomwambia akimwage sikuwa nacho, na katika maandalizi yetu yote ya wiki tatu hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Liliniuma sana.

Nikavuta kigoda nikakaa naye. Tulichambua mahindi kwenye ungo wake, zenye ukungu na zilizotobolewa na wadudu tukizitenga, mpaka dereva alipopiga honi. Mbovu zilijaa sado moja. Gunia zima, sado moja.

Aliitazama kwa muda.

"Kumbe si nyingi hivyo," akasema. Akaiweka kando ya mlango, mbali na kuku, akanigeukia. "Hiyo chupa niachieni. Chumvi ninayo."