Mdogo wangu ameyavunja maneno!

Jioni hii hapa Kadutu, mjini Bukavu, mdogo wangu anayesomea uuguzi alikuwa karibu kulia. Maneno marefu ya kitabibu, ayameze vipi yote kabla ya mtihani?

Nikamwambia tuyakate vipande.

Hepato, kwa Kigiriki, ni ini.
Nefro ni figo.
Iti mwishoni ni uvimbe.
Basi hepatiti, nefriti… akaanza kuyasoma mwenyewe.

(Hata televisheni imeunganishwa hivyo: tele ya Kigiriki, visio ya Kilatini.)

Kisha nikaandika hepatomegali, neno asilowahi kuliona. Akaweka kidole katikati yake. Kimya. Mega aliijua kwa megabaiti za simu.

“Yaya… ini kubwa?”

Nimempigia makofi mpaka jirani akachungulia!

Wauguzi wa Bukavu, nipeni mengine ya kumpa kesho.