Anzia kwenye tanuri: kufundisha usimamizi wa uzalishaji kwa wanafunzi wa biashara

Mwanafunzi wa biashara huja kwenye somo la usimamizi wa uzalishaji na uendeshaji akiwa amekwishazoea kuhesabu shilingi. Faida ghafi anaijua, mizania anaisoma, soko analigawa. Dakika ndizo hajazoea kuzihesabu. Hajaulizwa kazi hii inachukua muda gani, inasubiri wapi, na kwa nini inasubiri pale na si kwingine. Ndiyo maana naona si sawa kulianza somo hili kwa fasili, historia ya waasisi kama Frederick Taylor, aliyepima kazi kwa saa, na Henry Ford wa viwanda vya magari, kisha orodha ya majukumu ya meneja. Wiki zinakwenda, daftari linajaa, na mwanafunzi bado hawezi kusimama mlangoni pa karakana akaonyesha kwa kidole panapobana. Fasili zina nafasi yake, lakini zije baada ya macho kufunguka.

Kipindi cha kwanza kiwe cha bahasha. Tafuta karatasi 40, mikasi, rula, gundi na muhuri wowote, halafu panga meza nne kwa mstari. Wa kwanza anakata, wa pili anakunja, wa tatu anagundisha, wa nne anagonga muhuri. Wengine wapewe kazi ya kupima kwa simu: mmoja apime bahasha ya kwanza inatoka lini, mwingine ya kumi inatoka lini. Mzunguko wa kwanza, kila mtu amalize bahasha 10 ndipo azisogeze mbele kwa pamoja. Mzunguko wa pili, kila bahasha ikiisha isogezwe hapo hapo. Kabla ya kuanza, kila mmoja aandike makadirio yake kwenye karatasi. Usiiache hatua hii, kwani asiyekadiria huona matokeo akadhani aliyajua siku zote.

Chukulia kila hatua ni sekunde 20. Katika mzunguko wa kwanza bahasha ya kwanza inatoka sekunde ya 620 na ya mwisho sekunde ya 800. Katika wa pili, ya kwanza inatoka sekunde ya 80 na ya mwisho sekunde ya 260. Hakuna aliyeongeza kasi ya mikono. Kilichopungua ni kusubiri. Sasa tuseme gundi inachukua sekunde 30, kama inavyotokea mara nyingi: bahasha ya mwisho inatoka sekunde ya 360, na ifikapo sekunde ya 220 kuna bahasha 3 zimelala mbele ya anayegundisha huku mkataji na mkunjaji wamekaa bila kazi. Simamisha zoezi pale pale, uliza rundo liko wapi na kwa nini liko pale.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Waliomaliza wasiruhusiwe kuwasaidia jirani zao, la sivyo huwezi kupima chochote. Pia mpe mkataji, bila wengine kujua, kipimo chenye kosa la sentimita 1. Katika mzunguko wa kwanza kosa litagunduliwa karatasi 10 zikiwa zimekwisha kuharibika. Katika wa pili litagunduliwa mapema zaidi. Somo la ubora limeingia bila hata kutangazwa.

Baada ya hapo nenda kwenye bekari, na ukae hapo muda mrefu. Mkate unafaa kuliko mifano ya viwanda vya magari kwa sababu kila mwanafunzi anaujua, na kwa sababu kinyunya hakivumilii kusubiri. Wape bekari ya mfano yenye takwimu hizi. Mashine ya kukanda inabeba kilo 50 za unga wa ngano, na kila mkupuo, pamoja na kutoa kinyunya, unachukua dakika 20 na kutoa mikate 180. Wanaokata na kuunda madonge ni 4, kila mmoja akitumia sekunde 30 kwa donge. Chumba cha kuumulia kina nafasi ya mikate 240 na muda wake ni dakika 60. Tanuri linaoka mikate 60 kwa dakika 35, kisha dakika 5 za kutoa na kupakia. Wanaofungasha ni 2, sekunde 20 kwa mkate.

Swali la kwanza: kila hatua inaweza kutoa mikate mingapi kwa saa? Kukanda 540, kuunda 480, kuumua 240, kuoka 90, kufungasha 360. Swali la pili: mwenye bekari ana fedha za kununua mashine kubwa ya kukanda, je, utamshauri anunue? Ukiuliza swali la pili bila la kwanza, darasa karibu lote litamwambia anunue. Likija baada ya hesabu, wanaona wenyewe kwamba mikate itabaki 90 kwa saa.

Sasa waulize kitu ambacho hesabu ya uwezo peke yake haikionyeshi: mkupuo mmoja wa kilo 50 unafanya nini kwenye bekari hii? Unatoa madonge 180, na kuyaunda kunachukua dakika 22 na nusu. Tanuri linachukua 60 tu kila dakika 40. Kundi la kwanza linaingia kwa wakati. Kundi la pili limepitiliza kama nusu saa. Kundi la tatu limekaa kwenye joto la kuumulia zaidi ya saa 2 badala ya saa 1. Hamira haisubiri zamu: inaendelea kutoa gesi, utando unaoishika gesi unalegea, na donge linaporomoka likisukumwa tu kwenye trei au likiingia tanurini. Mkate unatoka bapa, wenye matundu makubwa na harufu ya uchachu. Mwenye bekari atalaumu hamira, atalaumu unga, pengine atamlaumu mpishi. Chanzo ni ukubwa wa mkupuo.

Dawa yake haigharimu shilingi: kanda kilo 17 kila dakika 40, badala ya kilo 50 kwa mara moja. Hizo zinatoa mikate kama 60, kiasi kile kile ambacho tanuri linameza. Mashine ya kukanda itakaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, na hapa ndipo mwanafunzi wa uhasibu huinua mkono kupinga. Mruhusu apinge. Amefundishwa kwamba mashine isiyofanya kazi ni hasara. Mpeleke kwenye hesabu: tuseme mkate unauzwa dukani kwa 1,000 na malighafi pamoja na mfuko ni 600. Tanuri likisimama saa moja, bekari imepoteza 36,000. Mashine ya kukanda ikisimama saa moja, ilimradi tanuri halikosi madonge, haijapoteza kitu. (Kwa bekari halisi, muulize mpishi kama mashine yake inakanda vizuri ikiwa na theluthi ya ujazo. Zipo ambazo mkono wake haushiki unga mdogo.)

Kutoka hapo maswali yanajizaa. Wafanyakazi wakienda kula wote kwa pamoja na tanuri likapoa saa nzima, mikate 90 imekwenda, wakipokezana, imeokolewa. Trei za kundi linalofuata zikiwa zimepangwa kwenye kigari mlangoni kabla tanuri halijafunguliwa, zile dakika 5 zinaweza kuwa 2. Mzunguko unakuwa dakika 37, na kwa siku ya saa 12 mikate zaidi ya 80 imeongezeka. Tanuri la pili linafikisha 180 kwa saa. La tatu lingefikisha 270, lakini chumba cha kuumulia kinaishia 240, kwa hiyo panapobana pamehama. Na kama maduka yanachukua mikate 800 tu kwa siku wakati tanuri moja linatoa 1,080, panapobana ni sokoni, na fedha ya tanuri la pili ingefaa kwenye usambazaji. Swali hili la mwisho ndilo linalowafanya wanafunzi wa masoko waone kwamba somo ni lao pia.

Kanuni ya John Little, aliyoithibitisha mwaka 1961, ifundishwe hapa hapa: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Mikate 90 kwa saa, kila mmoja ukipoa kwa saa moja na nusu, inahitaji nafasi ya mikate 135 kwenye rafu za kupozea. Rafu zikitosha 100, mkate utafungwa ukiwa na moto, mvuke utaganda ndani ya mfuko, na ukungu utaonekana dukani kabla ya siku zake. Kanuni ya mstari mmoja imeeleza malalamiko ya mteja.

Baadhi ya wanafunzi watasema wao wanakwenda benki, viwanda havitawahusu. Kwao weka dirisha moja la huduma lenye wastani wa dakika 4 kwa mteja, yaani wateja 15 kwa saa. Wakija 12 kwa saa, kwa kubahatisha, na muda wa huduma nao ukiyumba kwa namna ile ambayo kanuni rahisi za foleni huichukulia, wastani wa kusubiri ni dakika 16. Wakifika 13.5, ni dakika 36. Wakifika 14.25, yaani dirisha linatumika asilimia 95, ni dakika 76. Acha namba hizo tatu ubaoni kimya kwa muda. Kutoka asilimia 80 hadi 95 meneja ataona ameongeza tija, ilhali kusubiri kumeongezeka karibu mara tano. Kisha onyesha upande wa pili: kila mteja akihudumiwa kwa dakika 4 kamili bila kuyumba, muda wa kusubiri unashuka nusu, dakika 8, 18 na 38. Kuyumba kuna gharama, na wengi wao hawajawahi kuambiwa hivyo. Fomu iliyojazwa kabla ya kufika dirishani inapunguza foleni hata kama wastani wa huduma haukubadilika sana, kwa sababu inaondoa wale wateja wachache wa dakika 15.

Kiasi cha kuagiza kisichukue zaidi ya kipindi kimoja. Fomula ya Ford W. Harris ya mwaka 1913, inayotafuta kiasi cha kuagiza ambacho jumla ya gharama za kuagiza na kutunza ni ndogo kabisa, ni rahisi, na bekari yetu inatupa takwimu: kilo 300 za unga kwa siku ni mifuko 6, kwa siku 300 ni mifuko 1,800. Kuagiza mara moja, pamoja na gari na wapakuzi, 80,000. Kutunza mfuko kwa mwaka 8,000. Jibu ni mifuko 190. Wengi huishia hapo, wakati faida ya somo inaanzia hapo. Mwambie mwanafunzi akokotoe gharama akiagiza 150 kwa mara: inapanda kwa chini ya asilimia 3. Akiagiza 100, inapanda kwa asilimia 21 hivi. Chini ya mkunjo wa gharama pamelala bapa, kwa hiyo agiza kiasi kinachojaza gari, usihangaike na mfuko mmoja. Kosa linalojirudia kwenye mitihani ni kuingiza mshahara wa karani wa manunuzi kwenye gharama ya kuagiza, wakati analipwa ule ule aagize mara 9 au mara 18.

Kwenye chati za udhibiti za Walter Shewhart, za tangu mwaka 1924, yaani grafu zenye mipaka ya kuonyesha kama mchakato umeyumba kuliko kawaida yake, kosa la wanafunzi ni moja. Tuseme mikate 5 inapimwa kila saa, wastani ni gramu 402 na wastani wa tofauti kati ya mzito na mwepesi ni gramu 12. Mipaka ya wastani ni 402 kujumlisha na kutoa 0.577 (namba ya jedwali kwa sampuli ya vipimo 5) mara 12, yaani 395.1 na 408.9. Mwanafunzi anakuta mkate mmoja wa gramu 393 anatangaza mchakato umeharibika. Mipaka ile ni ya wastani wa mikate 5, si ya mkate mmoja mmoja, tena haihusiani na uzito unaotakiwa kisheria. Weka swali la aina hiyo kwenye jaribio la kwanza.

Kazi ya nje iwe na uzito sawa na mtihani wa katikati ya muhula. Makundi ya watu 4, sehemu moja, saa 2, wateja au bidhaa zisizopungua 30: mahali pa kuosha magari, mgahawa saa ya chakula cha mchana, duka la dawa, kwa wakala wa fedha za simu. Ruhusa iombwe kwa mwenye eneo na wafanyakazi waelezwe; mtu akiona anapimwa kwa siri atahofia kibarua chake, na atabadilisha mwendo. Vipimo viwe vinne kwa kila mteja: amefika saa ngapi, ameanza kuhudumiwa saa ngapi, amemaliza saa ngapi, ameondoka saa ngapi. Wanaoandika vya kwanza na vya mwisho tu huchanganya kusubiri na kuhudumiwa, na hesabu zote zinazofuata zinapotea.

Karatasi za vipimo, zilizoandikwa kwa kalamu palepale, ziambatanishwe na zipewe alama 30 kati ya 100. Zisome kabla ya ripoti. Kama sekunde zote zinaishia na 0 au 5, au hakuna hata mteja mmoja aliyechukua muda wa ajabu, takwimu zimetungwa chumbani. Mapendekezo yawe moja tu, lenye shilingi na lenye kutaja hatua ipi itaguswa. Ripoti inayosema waongeze wafanyakazi na watumie teknolojia irudishwe bila alama, na kundi lipewe wiki moja lirudi kupima hatua ile inayobana.