Sungura, Mbuzi na Swali la Mtoto

Somo la juma: Kutoka 12:1–28

Wapendwa katika Bwana,

Kila mwaka Juma Kuu likikaribia, simu zetu hujaa ujumbe uleule. Picha ya sungura, picha ya sanamu ya Babeli, kisha maelezo kwa herufi kubwa kwamba Pasaka ni sikukuu ya mungu mke Ishtar, kwamba sungura na yai ni alama zake za uzazi, na kwamba Mkristo anayesherehekea anaabudu miungu bila kujua. Mwishoni unaagizwa uwatumie watu kumi. Safari hii umenifikia kupitia kikundi cha wazee wa kanisa, watu ninaowaheshimu, ndiyo maana nimeona tulizungumze jambo hili.

Tuanze na sungura, maana anasingiziwa.

Mwaka 1682 daktari mmoja wa Ujerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika kwa Kilatini kuhusu mayai ya Pasaka. Anaeleza kwamba huko Alsace na sehemu za jirani watoto huambiwa kuwa sungura wa Pasaka hutaga mayai na kuyaficha kwenye nyasi na vichaka vya bustani. Watoto wanahangaika kuyatafuta, na watu wazima wanacheka. Basi. Hakuna madhabahu wala mungu mke. Kilichomsumbua daktari wetu ni tumbo: aliwaonya watu wasivimbiwe kwa kula mayai kupita kiasi. Katika karne ya 18 wahamiaji wa Kijerumani walibeba hadithi hiyo hadi Pennsylvania huko Marekani, ambako watoto walitengeneza viota kwa kofia zao ili sungura akipita usiku aweke mayai humo. Baadaye watengeneza chokoleti wakaona biashara, na leo unamkuta amefungwa karatasi ya kung'aa kwenye supamaketi za Nairobi na Dar es Salaam, anayeyuka kwa joto.

Tena si kila mahali ni sungura. Sehemu fulani za Ujerumani mleta mayai alikuwa mbweha, na sehemu za Uswisi alikuwa ndege, kekeo. Waaustralia nao, ambao sungura walioletwa kutoka Uingereza mwaka 1859 waliwamalizia malisho, wamejitengenezea bilbi wa chokoleti, mnyama wao mdogo wa jangwani mwenye masikio marefu. Mnyama anayebadilishwa kirahisi namna hiyo hawezi kuwa nguzo ya dini ya siri.

Mayai yana maelezo ya jikoni. Zamani kanisa la Magharibi lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakuambiwa, waliendelea kutaga. Ikifika Pasaka nyumba imejaa mayai, na watu wana hamu nayo. Mwaka 1290 nyumba ya mfalme Edward I wa Uingereza iliandika kwenye hesabu zake mayai 450 ya kupambwa kwa ajili ya sikukuu, kwa peni 18.

Huyo mungu mke ametoka wapi, basi? Mwaka 725 mtawa Mwingereza aitwaye Beda, Mkristo kama sisi, aliandika kwamba mababu zake walikuwa na mwezi uliopewa jina la mungu mke Eostre. Hakutaja sungura. Hakutaja yai. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1835, msomi wa Kijerumani Jacob Grimm akakisia kwamba Wajerumani nao walikuwa na mungu mke wa namna hiyo. Mwaka 1874 msomi mwingine, Adolf Holtzmann, akakisia tena kwamba pengine sungura alikuwa mnyama wake. Kisio juu ya kisio, na leo linasambazwa kama ufunuo. Ishtar wa Babeli aliingizwa kwa sababu tu jina lake linafanana kwa sauti na jina la Pasaka kwa Kiingereza, Easter.

Na hapa ndipo huwa nashangaa. Mnyama wa Ishtar anajulikana. Babeli ilipochimbuliwa, kando ya njia iliyoelekea kwenye lango la Ishtar walikutwa wanyama wamejengwa ukutani kwa matofali yenye rangi ya kung'aa, wanatembea safu kwa safu, midomo wazi. Baadhi yao wamehifadhiwa katika makumbusho ya Berlin. Ni simba. Kama mnyama anatiwa unajisi milele kwa kuwa wapagani walimchora, basi wa kwanza kuondolewa kwenye nyimbo zetu angekuwa Simba wa Yuda.

Lakini Maandiko hayaogopi simba. Katika Ufunuo sura ya 5, Yohana analia kwa kuwa hakuna anayestahili kukifungua kitabu. Mzee mmoja anamwambia asilie, Simba aliye wa kabila ya Yuda ameshinda. Yohana anageuza macho atafute simba. Anachokiona katikati ya kiti cha enzi ni Mwanakondoo, amesimama, kana kwamba amechinjwa. Sijawahi kusoma mistari hiyo miwili pamoja bila kurudia. Aliyetangazwa na aliyeonekana ni mmoja, na alama ya kisu bado anayo, mbinguni kwenyewe.

Huyu ndiye mnyama wetu wa Pasaka, na historia yake kanisani haikukosa ubishi. Mwaka 692 maaskofu waliokutana Constantinople waliagiza Kristo achorwe kama mwanadamu, si kama mwanakondoo tena, ili watu wakumbuke kwamba aliishi katika mwili, akateswa, akafa. Papa Sergio wa Roma alikataa kutia sahihi maamuzi ya mkutano huo. Ni yeye pia aliyeagiza watu na mapadri waimbe "Mwanakondoo wa Mungu" wakati wa kumega mkate, wimbo ambao wengi wetu tunauimba hadi leo kabla ya kushiriki Meza ya Bwana. Mimi naona maaskofu wale walikuwa na hoja. Ukimzoea mwanakondoo wa kwenye picha, mweupe, na bendera yake, unasahau kuwa alikuwa na damu.

Kutoka 12 hairuhusu usahau. Mnyama atwaliwe siku ya kumi ya mwezi, achinjwe siku ya kumi na nne jioni. Angalia hizo siku za katikati. Awe dume wa mwaka mmoja, asiye na ila, tena "katika kondoo au katika mbuzi". Kwa hiyo ndugu zangu mnaofunga mbuzi uani wiki ya Pasaka, hamjatoka nje ya Maandiko. Mnajua pia kinachotokea: siku ya kwanza watoto wanamwogopa, siku ya pili wanamkatia majani, siku ya tatu ameshapewa jina. Siku ya kuchinja kuna mtoto hataki kula. Waisraeli hawakuletewa nyama kutoka buchani. Waliishi na mnyama yule, wakasikia sauti yake usiku, kisha damu yake wakaipaka wao wenyewe kwenye miimo na kizingiti cha mlango.

Ndiyo maana mstari wa 26 unatarajia mtoto aulize: utumishi huu maana yake nini kwenu? Mzazi anatakiwa ajibu, na jibu lake limeandikwa: ni dhabihu ya Pasaka ya Bwana, aliyepita juu ya nyumba zetu huko Misri. Wayahudi wameshika jambo hilo mpaka leo. Hekalu lilibomolewa mwaka 70 na mwanakondoo hachinjwi tena. Kwenye sahani ya mlo wao wa Pasaka huwekwa mfupa tu uliochomwa, lakini mtoto mdogo kuliko wote mezani bado ndiye anayeuliza. Wasamaria, jamii isiyofika watu elfu moja, bado wanachinja kondoo kila mwaka juu ya mlima Gerizimu na kuwachoma katika mashimo ya moto, watoto wao wakiwa papo hapo wakitazama.

Kwa hadithi ya sungura, mtoto anatafuta na mtu mzima anacheka kwa sababu anajua siri. Sina ugomvi na kicheko hicho. Ugomvi wangu ni na mzazi aliyetuma ujumbe wa Ishtar kwa watu kumi, akavunja amri ya kushuhudia uongo, na mtoto wake amekaa pembeni hajui kwa nini mbuzi alichinjwa.

Jumapili hii baada ya chakula, kabla vyombo havijaondolewa, someni Kutoka 12:21–28 kwa sauti. Mdogo kuliko wote aulize, na baba, mama au bibi ajibu bila kutazama kitabu. Mtoto akiuliza na habari za sungura, mwambieni ukweli: ni hadithi ya Wajerumani, na chokoleti ni tamu, alete tugawane.